Modemu Imegoma Baada ya Kerneli Mpya

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala. Kompyuta ya ofisi inatumia mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 22.04, na intaneti tunaipata kwa modemu ya USB inayopiga *99# kupitia programu ya wvdial. Ili kuokoa bando, fundi alituletea kerneli mpya (kiini cha mfumo) kwenye flashi, vifurushi viwili, akaviweka. Tangu hapo taa ya modemu inawaka, lakini wvdial inadai kwamba /dev/ttyUSB0, yaani mlango wa modemu, haipo. Fundi anataka kufuta mfumo mzima na kuuweka upya, ilhali msimu wa korosho umekaribia na kumbukumbu za wakulima zimo humo. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu Karani, tafadhali usiruhusu mfumo ufutwe. Kwa maelezo yako, karibu hakuna kilichoharibika. Kuna kitu hakikuletwa.

Kila toleo la kerneli huja na moduli zake (vipande vya ziada, vikiwemo viendeshi vya vifaa) katika folda yake ndani ya /lib/modules, na moduli za toleo moja hazitumiki na toleo jingine. Moduli inayoitambua modemu kama yako na kuunda ttyUSB0 kwa kawaida huitwa option. Katika Ubuntu, viendeshi vingi vya aina hiyo haviko ndani ya vifurushi vya linux-image na linux-modules, ambavyo nadhani ndivyo vilivyokuja kwenye flashi, bali katika kifurushi cha tatu kiitwacho linux-modules-extra.

Thibitisha kwanza. Andika uname -r uone toleo linalotumika, kisha sudo modprobe option, amri ya kupakia moduli hiyo. Ukijibiwa kwamba moduli haikupatikana katika folda ya toleo hilo, basi hilo ndilo tatizo. Amri ikipita kimya, andika lsusb uone orodha ya vifaa vya USB: modemu nyingi hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows, na ni programu ya usb_modeswitch inayozigeuza kuwa modemu, kwa hiyo hakikisha nayo imewekwa.

Swali gumu ni namna ya kupakua kifurushi wakati intaneti yenyewe ndiyo imekatika, na hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kufuta. Kerneli ya zamani bado imo ndani ya kompyuta, isipokuwa kama mtu ameiondoa kwa makusudi. Washa mashine huku umeshikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwenye mashine zinazowaka kwa mfumo mpya wa UEFI, mpaka itokee orodha ya GRUB, programu ya kuchagua kerneli ya kuwashia. Ingia katika mstari wa machaguo ya ziada (Advanced options), uchague toleo la zamani. Modemu itapiga kama ilivyokuwa ikipiga. Ukishaunganishwa, sasisha orodha ya vifurushi kwa sudo apt update, kisha weka linux-modules-extra yenye namba ileile ya kerneli mpya, si ya hii unayoitumia wakati huo. Kwa mfano, kama mpya ni 5.15.0-91-generic, andika sudo apt install linux-modules-extra-5.15.0-91-generic. Washa upya kwa kerneli mpya, uchomeke modemu, na ls /dev/ttyUSB* itakuonyesha milango, mara nyingi zaidi ya mmoja.

Mpaka uone wvdial imepokea anwani ya IP, usiendeshe apt autoremove, maana inaweza kuiondoa kerneli ya zamani. Baadaye, bando likiruhusu, weka kifurushi cha linux-generic, ambacho huhakikisha kwamba kila kerneli ijayo inafuatana na moduli zake zote.