Video ya Angani Inayocheza Kama Maji

SWALI: Nimeunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti na kuifunga kamera, lakini video zake hucheza kama maji. Je, kamera ni mbovu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Yaelekea kamera yako ni nzima. Kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari, wala si yote kwa mara moja, hivyo mtetemo wa mota unaoendelea wakati wa usomaji huo huipinda picha. Anza na pangaboi, maana likielemea upande mmoja huleta mtetemo huo: lichomeke katika kijiti chembamba kilicholazwa, kisha ubandike utepe wa gundi kwenye bawa lake lililo jepesi, mpaka lisiinamie upande wowote. Kamera nayo iegemee mpira laini. Kichujio cheusi cha lenzi, ambacho wengi hukikimbilia kwanza, huficha mtetemo tu kwa kurefusha muda wa kupokea mwanga, hakiuondoi.