Cooper si mfuga kuku

Ukiuliza kama jina la ukoo la Kiingereza Cooper lina maana ya mfuga kuku: hapana ndugu, halihusiani na kufuga kuku, ingawa banda la kuku kwa Kiingereza (coop) linatamkwa karibu hivyo. Cooper alikuwa fundi wa mapipa ya mbao, yule anayepinda vibao kwa moto na kuvibana kwa pete za chuma. Zama hizo bia, divai, samaki wa chumvi, hata baruti, vyote vilisafiri ndani ya pipa, kwa hiyo kila mji ulimhitaji. Ndiyo maana akina Cooper wamejaa hivyo. Mwenzake Hooper ametokana na zile pete zenyewe, hoop kwa Kiingereza. Waukraine nao wana Bondarenko, yaani mtoto wa fundi mapipa.

Kwenye majina ya mahali, usitafute karakana. Cooperstown, New York, ni mji wa William Cooper aliyeuanzisha mwaka 1786. Mwanawe ndiye James Fenimore Cooper, mwandishi wa riwaya. Cooper Creek, mto wa Australia, ulipewa jina na mvumbuzi Charles Sturt mwaka 1845, kumuenzi Charles Cooper. Huyo alikuwa jaji, wala sidhani aliwahi kushika randa!