Nati za tairi zinalegea kila wiki, fundi nisaidie

SWALI: Fundi shikamoo. Nina gari ya familia, Toyota IST, ndo inapeleka watoto shule kila asubuhi. Mwezi uliopita nikavua rimu za chuma nikafunga za aloi za mtumba, za Toyota zenyewe, nati nikatumia zilezile za zamani. Tangu hapo stering inatetema na mbele kushoto kunagonga ko ko ko hasa nikipunguza mwendo, juzi nikasimama nikashika, nati mbili zikazunguka kwa mkono! Kijana wa pancha akasimama juu ya spana akakaza weee, wiki haijaisha zimelegea tena. Jumamosi tunaenda Morogoro na watoto, nifanyeje?
Mama wa wawili, Kimara

JIBU: Marahaba dada, pole sana, na umefanya vizuri mno kusimama maana wengi wakisikia huo mlio wanasema ni shokapu wanaendelea mpaka tairi linachomoka.

Dada hapo shida sio kukaza, shida ni nati zenyewe. Nati za rimu ya chuma zina kichwa kilichochongoka kama koni, rimu nyingi za aloi za Toyota zinataka nati yenye washa bapa na shingo inayozama ndani ya tundu, sasa ukiweka ya koni inashika ukingo tu wa tundu, gari ikitembea inalegea hata ukaze vipi. Na huyo kijana asirudie kusimama kwenye spana tafadhali! Toyota nyingi ndogo kama yako zinakazwa Nm 103, yaani kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya sentimita 30 ni kama kuegemea na kilo 35 hivi, mtu wa kilo 70 akisimama pale mwisho anakaza mara mbili yake, bolti zinavutika halafu siku moja zinakatika.

Kwa hiyo gari isitembee hivyo hata kesho shule, muite fundi aje nyumbani avue hilo tairi aangalie bolti, yenye meno yaliyoliwa au iliyopinda ibadilishwe, aangalie na matundu ya rimu, yakishakuwa na umbo la yai hiyo rimu haifai tena. Asugue kutu pale rimu inapokaa, asipake grisi wala oili kwenye bolti. Kama unabaki na za aloi afunge nati zake zenye washa bapa, aanze kwa mkono, akaze kwa msalaba, yaani nati moja kisha inayotazamana nayo, sio kwa kuzunguka, ashushe jeki ndo amalizie na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Matairi yote manne, sio hilo moja.

Kuhusu Morogoro, kama rimu za chuma bado unazo zirudishe na nati zake hizohizo mwende nazo, bolti zikiwa nzima lakini. Mkifika Chalinze mkisimama kula mtoe spana mkaze tena kidogo, hapo mmeshatembea karibu kilomita 100 na ndo umbali ambao nati zilizofungwa upya zinatakiwa kuangaliwa. Na ile ko ko ikirudi njiani, hata kidogo, paki pembeni watoto washuke upande wa mbali na barabara.