Mliookoka juzi, msianze na kukemea

Kwenye mkesha nilimwona kijana akimkemea Shetani mpaka sauti ikamkauka. Kati ya kemeo moja na jingine alichungulia simu, akaifunika haraka kwa kiganja. Nilimpenda bure, ana bidii kweli. Lakini kila kundi jipya linatumbukia shimo hili hili, jamani!

1. Yakobo 4:7 inaanza na "mtiini Mungu", ndipo "mpingeni Shetani". Ninyi mnarukia ya pili. Nami niliruka.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha maombi, bahasha ya michango ikikaa chini ya godoro langu. Mara ya kwanza nilichukua kidogo, nikarudisha. Mara ya nne sikurudisha. Nikaanza kufunga, siku tatu kavu, nakemea roho ya umaskini huku nimeilalia bahasha ile ile. Usiku nikijigeuza nasikia karatasi inalia chini yangu. Nilijua Mungu anataka nini: niipeleke kwa katibu wetu, niseme. Hilo sikulitaka. Kufunga ilikuwa rahisi kuliko kubisha hodi kwa yule mama.

Nilipokwenda, alihesabu mara mbili, kimya, akauliza, "Na nyingine?" Nikamwambia. Akalia kabla yangu. Nililipa kwa miezi saba, na uweka hazina sikurudishiwa, ilikuwa haki. Ila usiku ule nililala bila kukemea chochote, kwa sababu bahasha haikuwa kwangu tena.

2. Zinaa haijadiliwi, inakimbiwa. Yusufu aliacha vazi mkononi mwa mke wa Potifa akatoka nje.

3. Neno liwekwe moyoni mapema. Yesu, baada ya kufunga siku 40, alimjibu Shetani mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Saa ya jaribu si saa ya kutafuta mstari.

4. Kujaribiwa si dhambi, kwa hiyo msiukimbie ushirika kwa aibu. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa, umtajie kitu chenyewe kwa jina lake. "Niombee, nina changamoto" nimeisikia miaka na miaka, na sijui hata leo niombe nini hapo.

Wewe wa mkesha, kama unasoma hapa, njoo nyumbani jioni yoyote. Na simu uje nayo.