Jibu: Rekodi za wanafunzi kukataliwa kwenye Common Voice

Habari za kazi, Mwalimu. Umeeleza kwamba wanachama wa klabu yako ya kompyuta wanasoma sentensi za Kiswahili kwenye Common Voice, mradi wa Mozilla unaokusanya sauti za watu wanaojitolea ili kompyuta zifundishwe kutambua usemi, lakini rekodi nyingi zinakataliwa na wahakiki, na sasa wamevunjika moyo.

Kabla ya yote, angalia umri. Mradi unamtaka mwenye umri wa miaka 19 au chini ya hapo awe na ridhaa na usimamizi wa mzazi au mlezi, na kwa kuwa sauti hutolewa bure kwa umma chini ya leseni ya CC0, inayomruhusu yeyote kuzitumia bila kuomba ruhusa, mzazi aelezwe hilo waziwazi kabla ya kutia saini.

Kisha sikiliza rekodi zenyewe. Katika klabu ninayoisimamia lafudhi haikuwa tatizo; tatizo ni kwamba msomaji hodari huirekebisha sentensi bila kujijua, akaona "wamekwisha kufika" akasoma "wameshafika", na mhakiki anayelinganisha maandishi na sauti hana budi kuikataa. Wengine hubonyeza kitufe cha kusimamisha kabla silabi ya mwisho haijatoka. Feni ya darasani inakera, ila si sana kama inavyodhaniwa.

Ningewaanzisha na uhakiki, yaani kusikiliza rekodi za wengine, wawili wawili, wabishane kabla ya kupiga kura ya kuikubali au kuikataa kila rekodi. Mwanafunzi aliyewahi kuikataa rekodi ya mwenzake kwa sababu ya neno moja husoma kwa makini zamu yake inapofika. Zawadi za wingi wa rekodi ziache kabisa, maana watakimbizana na idadi tu.