Ndizi za kima punju: usibebe

Dada, ulichouliza kuhusu kuwapeleka watoto na ndizi wawalishe kima punju, wale kima wekundu wa msitu wa Jozani, Zanzibar: watoto wapeleke, ndizi ziache hotelini. Tumbo la kima punju limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na vijidudu mle ndani huchachusha majani machanga na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari nyingi huchacha haraka, asidi ikapanda, na mnyama akaugua vibaya. Tena, wakiwa karibu na mashamba huwaona wakitafuna vipande vya mkaa: unasaidia kunasa sumu za majani ya miembe na ya miti ya mikungu.

Nendeni asubuhi au alasiri, adhuhuri hulala juu matawini. Kaeni umbali wa mita 3 au zaidi hata wakishuka wenyewe. Mwenye mafua asiingie, kwani maradhi yetu huwapata. Zimeni mwanga wa kamera. Mtazameni mkono: vidole vinne virefu, gumba halionekani.

Msiwachanganye na kima wa kawaida, yule wa kijivu. Huyo hunyakua chakula mkononi, kwa hiyo hata biskuti za watoto zifungwe ndani ya begi. Aking'ata au kuparura, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Na mwambieni dereva apunguze mwendo tangu kabla ya lango. Kima punju huvuka barabara ile na hugongwa.