Kibanda kisiende upande

Swali: Fundi, nataka kusimamisha kibanda cha kuwekea nyavu nyuma ya nyumba hapa Shela, Lamu, futi 8 kwa 6, boriti 4 za mkoko ninazo, ntajuaje kona zimekaa skwea?

Jibu: Kaka, usichimbe bado! Piga vigingi 4, vuta uzi, pima kona kwa kona, kwa vipimo vyako zote mbili lazima zije futi 10 kamili, moja ikizidi sogeza vigingi, pande zibaki 8 na 6, hapo ndo uchimbe. Vichwa vya boriti usipime toka chini, mchanga una mabonde, jaza maji mpira unaoonesha ndani, usibaki na povu hata moja, shika ncha zake kwenye boriti mbili, maji yakitulia ndo levo yako, tia alama ukate. Wima tumia timazi, ule uzi wenye uzito chini, pande mbili, boriti hazinyooki.